Choo Kisichojaa

Redempta ndiye aliyeona kwanza. Ilikuwa Jumapili, wametoka misa ya asubuhi, na mkwe wake Violet alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko akichambua mchele. Mimba ilikuwa na miezi saba, na ungo alikuwa ameuegemeza tumboni. Aliinua macho kuuliza kama maharage yachanganywe na mchele au yapikwe peke yake, na Redempta akasahau maharage. Weupe wa macho ya Violet ulikuwa umegeuka njano kama maji ya binzari.

"Mwanangu, unajisikiaje?"

"Uchovu tu, mama. Na chakula kinanichefua."

"Na mkojo?"

Violet akatazama pembeni. "Kama chai ya rangi."

Redempta akautoa ungo mapajani mwake polepole, kana kwamba ungo ndio uliokuwa mgonjwa, akaenda kumwita mumewe. Saa sita haijafika walikuwa wameshapanda pikapu ya mpunga kutoka Mabogini kwenda hospitali mjini, Violet mbele kwa dereva, Redempta na mzee Kornel nyuma juu ya magunia.

Daktari alikuwa mpole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alibonyeza chini ya mbavu, akafunua kope, akasema ini limevimba. Kwa mtu mwingine, alisema, angemwambia aende nyumbani apumzike, ale matunda, ugonjwa ungekwisha wenyewe. Kwa mwenye mimba kubwa mambo ni mengine. Wengine humpoteza mtoto, wengine hupotea wao. Dawa yake hakuna. Wangemlaza, wamwangalie, wangoje. Mwezi ule pekee alikuwa amepokea wagonjwa wanne kutoka upande wao.

"Ni virusi," alisema. "Vinaingia na maji. Nyumbani mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya kisima changu," Kornel akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaja cheti chake.

Mwaka ule, neno virusi lilikuwa na maana moja tu masikioni mwa watu. Jioni haijaingia, mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa ameshahamisha kikombe chake kutoka kwenye kabati walilokuwa wakitumia wote. Jovin, mume wa Violet, alipofika Jumatatu kutoka kiwanda cha sukari alikofanya kazi, alikuta maneno yamemtangulia. Mama yake mwenyewe, akiwa ameinamia sufuria, alimwuliza kama kuna jambo lolote la huko kiwandani analotaka kumwambia. Jovin alielewa. Alitoka akakaa juu ya tofali uwanjani mpaka uji wake ukapoa na kutanda ngozi.

Kesho yake, nje ya wodi, daktari akawaeleza upya wote watatu, mzee, mkewe na Jovin, taratibu, kama anayefundisha darasa la pili. Virusi hivi si vile vya ukimwi. Hivi hutoka kwenye choo cha mtu, vikaingia majini, mwingine akayanywa. Redempta alimshukuru Mungu, kisha njiani akawaza, akaona kwamba hata hiyo si habari rahisi kuipeleka mtaani.

*

Kisima kile Kornel alikichimba kwa mikono yake, futi ishirini na mbili, mwaka waliposhuka kutoka Kibosho, mlimani. Kule juu kihamba cha baba, shamba la urithi, kilikuwa kimegawanywa kwa ndugu mpaka kipande chake ng'ombe hawezi kugeuka. Wakashuka chini, kwenye joto na mashamba ya mpunga, wakaanza upya uzeeni. Maji yalitoka baridi na safi, ukitazama ndani ya ndoo unaona hadi msumari wa chini. Nyumba kumi na mbili zilichota pale, na Kornel hakuwahi kumwambia mtu hapana.

Baada ya kisima alichimba choo. Na choo, kwa watu wa mlimani, ni heshima ya mwanamume. Kule udongo mwekundu unasimama wenyewe bila tofali, maji yako mbali chini, kwa hiyo mtu huchimba futi thelathini, arobaini, na shimo hurithiwa na watoto. Mwanamume mwenye choo kifupi husemwa. Kornel alishuka na utaratibu huohuo. Majirani walipoona kazi yake wakamwomba awachimbie na wao, akawachimbia saba, vyote virefu ila kimoja, na alipokuwa akipita njiani watu walikuwa wakisema yule ndiye fundi.

Cha kwake alikiweka upande wa juu wa nyumba, nyuma ya migomba. Wazee wa rika lake hawakupenda mwanamke awaone wakielekea chooni. Mpaka leo, na miaka yake sitini na sita, Kornel alikwenda huko na jembe begani kama anayekwenda kupalilia. Redempta, aliyemzalia watoto sita, alikuwa amejifanya kwa miaka arobaini kuamini kwamba migomba inahitaji kupaliliwa mara mbili kwa siku.

Sasa kulikuwa na binti mmoja, Rachel, mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, aliyepanga chumba mtaa wa Soweto, mjini, na kuzunguka na baiskeli akipima visima vya Mabogini. Alikuwa akisomea namna uchafu unavyotembea chini ya ardhi, na namna ardhi inavyousafisha. Alipofika kwa Kornel mara ya kwanza, mzee alimpa mkungu wa ndizi na kumwambia maji yaliyopita ardhini hayahitaji kupimwa. Jumatano ile alimtumia mtu amwite.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pima."

Rachel akashusha kamba yenye alama, akaandika. Akachota maji kwenye chupa, akaandika. Kisha akauliza choo kiko wapi na kina urefu gani. Kornel akakohoa. Hayo hayakuwa mazungumzo ya mzee na binti. Lakini kulikuwa na mtu amelala hospitalini, basi akajibu, na alipoanza kujibu, ile fahari yake ya ufundi ikampanda.

"Futi ishirini na nane. Miaka minne sasa, nyumba nzima na wageni, na hakijapanda hata shubiri. Hakijai."

Kalamu ya Rachel ikasimama. "Hakijai kabisa?"

"Waulize wa nyumbani. Na vingine nilivyochimba hivyohivyo. Kimoja tu ndicho kilichojaa, cha Mama Elinipendo, kwa kuwa niligonga mwamba futi ya kumi nikaacha."

Binti akatazama migomba ile iliyonawiri, akatazama kisima, akapima kwa macho mteremko uliokuwa katikati.

"Mzee," alisema taratibu, "kitu kinachoingia kila siku na hakijai, kinakwenda mahali."

Redempta, aliyekuwa mlangoni, akaingia ndani akatafuta kazi ya kufanya.

Rachel alikuwa na subira. Aliomba chujio la mbege, pombe ya ndizi, liwe mfano, akaketi chini kabisa pale mzee alipokuwa. Alimwambia ardhi ni chujio kweli, hakukosea. Minyoo hubaki juu, na wadudu wengi hubaki. Lakini virusi ni vidogo, hupita palepale maji yanapopita. Hata hivyo havipiti vyote. Vingine hunata kwenye punje za udongo kama unga unavyonata mikononi, vikakaa hapo, na siku zikienda hufa. Ikija mvua kubwa, kama zile za Elnino zilizopita, maji hupanda, vingine hubanduka, vinaendelea na safari. Kwa hiyo si kwamba ardhi haisafishi. Ardhi ni ghala la maji, na maji ghalani yanataka muda. Akitaka kujua kama maji ni salama, lazima ajue yamelala chini siku ngapi kabla ya kukutana na ndoo.

"Nataka nizihesabu hizo siku," alisema. "Kwenye mfinyanzi maji hutambaa. Kwenye changarawe hukimbia. Mimi sijui huko chini kuna nini. Wewe ndiye uliyeingia."

Kornel akafumba macho. Akaanza na shimo lake mwenyewe. Futi mbili udongo mweusi. Futi tano mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi. Kisha mchanga wa kijivu, laini kama majivu ya jiko, futi saba. Halafu, kuanzia futi ya kumi na nne, kokoto za mto, za mviringo, ukimwaga ndoo ya maji haisimami. Akahamia kisima. Akahamia vyoo saba, kimoja baada ya kingine, na hakusita hata mara moja. Rachel akajaza kurasa nne. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Kornel alichokiona chini ya ardhi.

*

Jumamosi Rachel alirudi na karatasi iliyotoka kwenye kompyuta huko mjini. Ilikuwa na mistari inayoteremka kutoka upande wa migomba kuja kisimani, kama nywele zilizochanwa upande mmoja. Akamwonyesha mzee. Kutoka choo mpaka kisima, siku tisa. Virusi kama vya Violet, kwenye maji ya baridi, huhitaji miezi kabla ya kufa.

Kornel aliishika ile karatasi muda mrefu.

"Hii kompyuta imewahi kuingia shimoni?"

"Hapana, mzee. Inafuata maneno yako."

"Basi huenda nimekumbuka vibaya." Alitamani sana awe amekumbuka vibaya.

Rachel hakubishana. Alisema wanaweza kujaribu kwa chumvi. Chumvi haifi wala hainati, inakwenda na maji. Wakaletewa magunia matatu ya chumvi, wakaiyeyusha kwenye mapipa ya maji, Jovin akayamimina kwenye shimo la choo pipa kwa pipa. Majirani walisimama kutazama. Wenseslaus, ambaye ua wake unapakana na wa kwao, aliweka viwiko juu ya ukuta akauliza mboga hiyo Kornel ataila na ugali au na ndizi. Watu wakacheka, na Kornel akacheka nao kidogo, kwa adabu. Rachel akawaomba wote wachemshe maji ya kunywa mpaka jibu lipatikane. Wengine walichemsha. Wengine walisema kuni za kuchemshia maji ya kisima cha Kornel ni kuni zilizopotea bure.

Siku zile Redempta alikwenda hospitali kila mchana na mtori mwepesi wa ndizi usio na mafuta, akamlisha Violet kijiko kwa kijiko. Ulimi wa Violet ulikuwa umekuwa mzito. Alilala sana. Siku ya sita ya chumvi alimwita Redempta kwa jina la mama yake mzazi, marehemu, akamwuliza kama mbuzi wamerudi. Redempta akamjibu kwamba wamerudi wote, na mwana-mbuzi yumo. Alipofika nyumbani hakumweleza mtu. Alikata ndizi za kesho, akazikata nyembamba mno, akakaa akizitazama.

Kila asubuhi Rachel alikuja na kipimo chake cha chumvi akakitumbukiza kisimani. Kila asubuhi Kornel alisimama karibu. Siku ya saba hakuna kitu. Siku ya nane hakuna kitu. Siku ya tisa baiskeli ya Rachel ilipasuka tairi Soweto, hakufika, na Kornel alianza kutembea uwanjani na uso mwepesi kidogo.

Asubuhi ya kumi Redempta alichemsha chai mpaka ikatokota sana, kama walivyoagizwa, akammiminia mumewe. Kornel alikunywa funda moja, mkono ukabaki hewani.

"Mama Jovin, umekosea sukari ukatia chumvi?"

"Sukari iliisha jana. Sijatia kitu."

Akaonja tena, akampa na yeye. Redempta akaonja. Akakiweka kikombe chini, katikati yao, na wote wawili wakakitazama.

"Alisema siku tisa," Kornel akasema.

"Leo ya kumi," mkewe akajibu haraka. "Amekosea siku moja, Baba Jovin. Hakujua vyote."

Kornel akamtazama, akaona anavyohangaika kumwachia kitu cha kushikilia. Akamshika bega, akainuka.

*

Siku hiyo hakula. Alipanda mpaka Kibosho, hadi mpakani mwa kihamba cha kaka yake, akakata majani mawili ya isale. Kwa Wachaga, mtu aliyemkosea mwenzake mpaka maneno hayatoshi humpelekea jani hilo, na ni vigumu mno kulikataa. Mabogini halikuwepo. Kaka yake akamwuliza kamkosea nani. Kornel akasema, "Wengi," akageuka akateremka.

Jumapili baada ya misa alizikusanya zile nyumba kumi na mbili kisimani. Rachel alikuwepo na karatasi zake, akataka kueleza. Mzee akamwomba anyamaze kidogo, hili aliseme mwenyewe. Akawaambia. Choo chake kinamwaga kisimani. Vyoo vile saba alivyowachimbia, isipokuwa cha Mama Elinipendo, vinafanya hivyohivyo, kila kimoja na kisima kilicho upande wake wa chini. Alichimba kama mtu wa mlimani mahali ambapo si mlimani. Mashimo yatafukiwa. Vyoo vipya vitakuwa vifupi, futi tano, vimeinuliwa juu kwa tofali, upande wa chini wa visima. Maji yatachemshwa miezi minne baada ya kufukia, na kama masika yatakuwa makubwa binti atahesabu upya. Halafu akanyoosha jani mbele.

Hakuna aliyecheka sasa. Mama mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba mtoto wake aliharisha mwezi mzima. Wenseslaus alikuwa na binti aliyegeuka njano mwezi wa nne. Alipona, lakini walikuwa wamempeleka kwa mganga, wakamchanja. Akasogea mpaka mbele.

"Kornel, hilo jani linaziba shimo?"

"Haliwezi. Mimi ndiye nitakayeziba."

"La kwangu lina futi thelathini."

"Najua. Nililichimba."

Wenseslaus akasogeza kijiwe kwa ncha ya kiatu chake cha kanisani. Kisha akalichukua jani.

"Basi uanze na la kwangu," alisema. "Na koleo nitakuwa nalo moja mimi mwenyewe, usije ukafukia vibaya pia."

Hapo ndipo baadhi wakacheka, na mwanamke mmoja akafuta macho.

*

Walikuwa bado wamesimama pale Jovin alipofika akikimbia kutoka barabarani. Violet alikuwa amejifungua alfajiri, kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, kilo moja na robo tatu. Anapumua. Mama naye alikuwa ametokwa na damu nyingi, wakamwongezea, na saa nne alifumbua macho akauliza leo ni siku gani. Daktari hakutaka kuahidi kitu, lakini alikuwa ameketi. Jovin alilirudia hilo mara mbili, kwamba daktari aliketi kwenye kiti na kunywa chai.

Saa kumi, muda wa kuona wagonjwa, Kornel alikuwa mlangoni mwa wodi. Tangu siku ile ya kwanza hakuingia. Ni wodi ya wanawake, na yeye ni baba mkwe. Muuguzi akamwelekeza kwenye bomba, akanawa mpaka viwiko. Jani la pili lilikuwa limefungwa ndani ya gazeti kuukuu.

Violet alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Macho bado yalikuwa ya njano, lakini yalikuwa yanamwona. Mtoto alifungwa kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, khanga juu, kofia ya sufu kichwani iliyomzidi mpaka kwenye nyusi. Redempta, aliyekuwa kando ya kitanda, akasogea upande wa miguu.

"Shikamoo, baba," Violet akasema.

"Marahaba." Kornel akalitazama gazeti mikononi mwake. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Mabogini, na sasa hayakuwepo. "Mwanangu, ni mimi. Ni lile shimo langu. Kila ulipokunywa maji nyumbani kwangu, ni mimi niliyekupa huu ugonjwa. Huyu mtoto angekufa kwa mkono wangu."

Akalifungua gazeti, akatoa isale. Violet alizaliwa Uru, mlimani kwa Wachaga, hakuhitaji kuelezwa. Hakuwahi kuona jani lile likitolewa na mzee kwa mtu wa umri wake, na mwanamke.

Mwanamke wa kitanda cha pili aligeuza uso kuelekea ukutani ili wawe peke yao. Kornel hakuinua macho, na jani hakulishusha.

Tangu Violet aolewe, baba mkwe wake hakuwahi kupokea kitu kutoka mkononi mwake. Sahani, kikombe, hata barua ya Jovin, vilitua mezani kwanza, ndipo mzee akavichukua. Ndivyo alivyolelewa, na Violet aliiheshimu ile meza.

"Baba," alisema, na sauti ilikuwa nyembamba, "mikono yangu imejaa. Siwezi kulipokea."

Redempta akataka kusogea amsaidie. Violet akamtikisia kichwa. Akaifungua khanga taratibu, akamtoa mtoto kifuani, akamnyoosha mbele kwa mikono miwili iliyokonda.

"Nishikie kwanza huyu."

Kornel akaangaza kushoto na kulia, kama anayetafuta meza. Haikuwepo. Kulikuwa na kitanda tu, na mikono ya Violet ilikuwa imeanza kuchoka. Akaliweka jani juu ya blanketi, akainama, akampokea.